Siku Moja Unguja: Abiria wa Meli na Matembezi Yao Tangu 1872

Mgeni wa zamani wa Unguja alikuja na kaskazi akaondoka na kusi. Kaskazi ilimleta kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kuanzia Disemba, na hakuwa na njia ya kurudi mpaka kusi ianze kuvuma karibu na Aprili. Katika miezi hiyo alipanga nyumba, alikopa na kukopesha, alijifunza lugha, na pengine alioa. Meli za moshi zilileta mgeni wa namna nyingine. Huyu aliteremka asubuhi, akatembea, akanunua, akala, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amekwisharudi chomboni. Kwa muda wa miaka 150 mgeni huyu wa siku moja amelisha mabaharia wa mashua, wachukuzi, wenye maduka, wapiga picha, madereva na waongoza watalii. Yeye pia ndiye aliyesababisha kisiwa kujipangia historia fupi ya kuonyeshwa, historia inayoweza kutembelewa kwa saa sita.

Njia yake ilifunguliwa na mambo mawili yaliyofuatana. Mfereji wa Suez ulipokamilika mwaka 1869, meli kutoka Ulaya hazikulazimika tena kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ili kufika Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza kupeleka meli ya barua Unguja mara moja kwa mwezi kutoka Aden, ikilipwa ruzuku na serikali ya Uingereza. Sayyid Barghash bin Said, Sultani aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, hakukubali kuwaachia Waingereza bahari yote. Alinunua meli zake mwenyewe zikawa zinakwenda Bombay na kurudi na mizigo na abiria. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika mwaka 1879. Mwaka 1890 Wajerumani walianzisha Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyopewa na serikali yao mark 900,000 kila mwaka, na meli zake zikawa zinasifiwa kwa vyumba na chakula kuliko za washindani. Wafaransa wa Messageries Maritimes walipita wakielekea Madagaska na Réunion. Baadaye Union-Castle, kampuni iliyozaliwa mwaka 1900 kwa kuunganishwa kampuni mbili za Kiingereza zilizokwenda Afrika Kusini, ilileta meli zilizozunguka bara zima la Afrika. Ilipofika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, bandari ya Unguja ilikuwa kituo cha kawaida kwenye ratiba za Hamburg, London, Marseille na Bombay.

Lakini hakuna kampuni hata moja iliyosimamisha meli Unguja kwa ajili ya matembezi. Meli ilisimama kwa ajili ya mizigo. Karafuu za Pemba ziliteremshwa Unguja kwanza, zikatozwa ushuru forodhani, ndipo zikapakiwa kwenda ng'ambo. Pamoja nazo zilikwenda mbata, ngozi na pembe za ndovu zilizotoka bara. Kwa kuwa meli kubwa hazikuwa na gati la kufungia, kila gunia lilipita kwenye tishari, likavutwa mpaka ubavuni mwa meli, likanyanyuliwa kwa winchi. Kazi hiyo ingeweza kumalizika kwa saa chache au kuendelea kwa siku mbili, kutegemea wingi wa shehena na hali ya bahari. Abiria aliambiwa tu saa ya mwisho ya kurudi. Muda wa kutalii ulikatwa kwa kipimo cha magunia ya karafuu, na ndiyo sababu matembezi ya Unguja tangu mwanzo yalikuwa mafupi, ya karibu na ufuo, na yenye hofu ya kuachwa.

Kutoka melini abiria aliuona mji wote kwa mara moja, na mandhari hiyo ilimvuta kabla hajakanyaga nchi kavu. Mbele yake palikuwa na Beit al-Ajaib, jumba la sherehe alilolijenga Barghash mwaka 1883, refu kuliko majengo yote ya pwani hii wakati huo, likizungukwa na roshani zilizobebwa na nguzo za chuma. Kando yake zilikuwa kuta za Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Baada ya 1896 palikuwa na kitu kingine cha kutazamwa. Tarehe 27 Agosti mwaka huo manowari za Uingereza ziliupiga mizinga mji kwa muda wa chini ya saa moja ili kumwondoa Khalid bin Barghash aliyejitangazia usultani. Jumba la Beit al-Hukm liliharibika lisitengenezeke, mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ulivunjika, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilizama papo hapo bandarini. Milingoti yake ilibaki imesimama juu ya maji kwa zaidi ya miaka kumi. Kila abiria aliyeingia bandarini katika miaka hiyo aliipita milingoti hiyo, na kila mwenye mashua alikuwa na hadithi yake ya kuisimulia.

Safari ya kutoka melini hadi ufukoni ilikuwa ya mashua, na hapo ndipo biashara ya mgeni wa siku moja ilipoanzia. Mashua zilizunguka meli mara nanga iliposhuka. Bei ilikubaliwa kwa vidole na kwa maneno machache ya Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa au Kihindustani. Aliyepatana vizuri wakati wa kwenda alijikuta hana nguvu ya kupatana wakati wa kurudi, meli ikiwa imekwisha kupiga honi. Pesa zilizotumika zilikuwa rupia. Zilibaki hivyo mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936, kwa hiyo abiria mwenye pauni au mark alihitaji mtu wa kumbadilishia, na kazi hiyo waliifanya Wahindi wenye maduka karibu na forodha.

Baada ya ngazi za forodhani abiria aliingia katika mji usio na mstari ulionyooka. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilipimwa kwa kivuli na kwa ujirani wa nyumba, wala havikupimwa kwa gari. Mgeni aliyetaka kutembea peke yake alipotea ndani ya robo saa, na ndiyo maana kutembea peke yake hakukuwa na maana ya kutembea bila mtu. Kulikuwa na vijana na watu wazima waliongoja pwani, wenye lugha walizoziokota bandarini, kwenye nyumba za wageni au katika shule za misheni, na abiria alimchukua mmoja wao kwa nusu siku. Mwongozaji alijua mambo matatu: njia, hadithi, na duka. Mpango huo unaendelea mpaka leo. Mwenye duka humlipa mwongozaji sehemu ya kile alichonunua mgeni, na kwa sababu hiyo njia ya kwenda kanisani hupitia dukani.

Mahali palipotakiwa na karibu kila abiria wa Ulaya palikuwa Mkunazini. Wengi walikuwa wamesoma habari za David Livingstone, aliyekaa Unguja mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho, na walijua kwamba soko la watumwa lilikuwa hapo. Soko lilifungwa Juni 1873, Barghash alipotia saini mkataba alioshinikizwa na Waingereza, na mwishoni mwa mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana likawekwa juu ya uwanja wake. Aliyelisimamia na kulimaliza ni Askofu Edward Steere, ambaye Waswahili wanamkumbuka zaidi kwa vitabu vyake vya sarufi na hadithi za Kiswahili; alifariki mwaka 1882 na kaburi lake liko nyuma ya altare. Mgeni alionyeshwa altare, akaambiwa kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Akaonyeshwa pia msalaba unaosemekana umechongwa kwa mbao za mti uliozikiwa chini yake moyo wa Livingstone huko Chitambo, alikofia.

Jambo ambalo halikuonyeshwa lilikuwa zito kuliko lililoonyeshwa. Abiria wa mwaka 1885 au 1890 alisimama mbele ya soko lililofungwa akasikitikia utumwa kana kwamba umekwisha, ilhali sheria ya kuufuta Unguja haikutoka mpaka 1897, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Katika kipindi hicho, sehemu kubwa ya vibarua wa mjini walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kutafuta kazi ya siku, wakarudi jioni na kukabidhi sehemu ya ujira. Hamali aliyembebea mgeni sanduku, na mvuta kasia aliyemleta pwani, wangeweza kuwa miongoni mwao. Historia ya utumwa ilimpita mgeni begani, naye alipelekwa kuitazama kwenye jiwe. Hata leo sehemu hiyo ya ziara ina kasoro ya namna hiyo. Vyumba vya chini vinavyoonyeshwa jirani na kanisa kama magereza ya watumwa viko chini ya jengo lililokuwa hospitali ya misheni, na baadhi ya wanahistoria wana shaka kama viliwahi kutumika hivyo, kwa kuwa misheni ilijenga hapo baada ya soko kufungwa. Sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden iliyowekwa uwanjani mwaka 1998, ni kumbukumbu ya kweli zaidi, maana haidai kuwa kitu kingine zaidi ya kumbukumbu.

Kutoka Mkunazini njia ilirudi kwenye maduka. Wahindi na Wagoa ndio walioishika biashara hiyo, pamoja na masonara waliotoka Ceylon. Vitu vilivyouzwa vilikuwa pembe za ndovu zilizochongwa, vyombo vya fedha, mbao za mpingo, majambia, kofia, na masanduku yaliyopigwa misumari ya shaba. Masanduku hayo ndiyo yaliyopendwa kuliko vyote, na mengi yalikuwa yametengenezwa Bara Hindi yakaletwa Unguja kwa jahazi kama bidhaa nyingine yoyote. Abiria aliyapeleka Ulaya kama kazi ya Zanzibar. Hakudanganywa kabisa, kwa kuwa kisiwa hiki kiliishi kwa kupokea vitu vya bahari yote na kuvitia jina lake.

Wapiga picha wa Kigoa waliongeza bidhaa moja ambayo athari yake imekaa kuliko pembe na fedha, nayo ni kadi ya posta. Studio za Gomes, Coutinho na Pereira de Lord zilipiga picha za milango ya nakshi, vichochoro, wanawake waliovaa kanga, wachukuzi wa karafuu, na Beit al-Ajaib kutoka baharini. Picha hizo ziliuzwa kwa abiria, zikaandikwa mgongoni, zikatumwa kwa meli ileile. Aliyezipokea Hamburg au Leeds alipopata nafasi ya kusafiri alishuka Unguja akitafuta mlango uleule na kichochoro kilekile. Ukilinganisha kadi za mwaka 1905 na picha zinazopigwa leo na abiria wa meli za kitalii utaona kwamba macho yamefundishwa mara moja tu, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 mgeni wa siku moja hakuwa na njia rahisi ya kutoka nje ya mji. Aliyetaka kuona mikarafuu alihitaji punda, au gari la farasi la kukodi kama lilipatikana. Mabadiliko yaliletwa na reli. Unguja ilikuwa imekwisha kuonja gari la moshi wakati wa Barghash, aliyejengewa njia fupi ya kwenda kasri lake la Chukwani, kusini mwa mji. Mabehewa yalikokotwa na nyumbu kwanza, kisha kwa kichwa cha mvuke. Hiyo ilikuwa ya Sultani na watu wake. Reli ya watu wote ni ile ya Bububu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney ya New York, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa pembe za ndovu, na ilianza kazi mwaka 1905. Njia ilikuwa ya upana wa futi tatu na urefu wa maili saba, sawa na kilomita 11 hivi. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapita ndani ya mji katika njia nyembamba ikikaribia kabisa milango ya nyumba, ikatokea Malindi na kufuata ufuo kuelekea kaskazini.

Abiria wake wa kila siku walikuwa wakulima, wachuuzi wa matunda na samaki, na wafanyakazi wa mjini. Lakini kampuni iliona mapema kwamba meli zilizotia nanga zilikuwa na watu wenye pesa na muda mfupi, ikaweka behewa maalumu la daraja la kwanza kwa ajili yao. Pengine hakuna sehemu nyingine ya Afrika Mashariki ambako ratiba ya reli na ratiba ya meli ziliunganishwa kwa makusudi ya matembezi tu mapema namna hii. Mombasa palikuwa na vigari vya kusukumwa na watu juu ya reli ndogo za mitaani, ambavyo wageni walivipenda sana, lakini hivyo vilikuwa usafiri wa ndani ya mji. Treni ya Bububu ilimtoa mgeni mjini, ikampitisha mbele ya magofu na minazi, ikamfikisha mashambani, ikamrudisha forodhani kabla ya meli kuondoka. Kwa bei ya tikiti mtu asiyejua neno la Kiswahili aliweza kwenda na kurudi bila kumtegemea wakala wa meli.

Njia hiyo ndiyo iliyoamua nini kiitwe historia ya kasri za Unguja. Zilizoonekana zilikuwa zile zilizokaa pembeni mwa reli. Maruhubi, kasri lililojengwa na Barghash mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899, lilibaki nguzo na mabirika ya maji karibu na bahari, kilomita chache kutoka mjini. Mbele kidogo lilikuwa Mtoni, kasri la kale la Seyyid Said bin Sultan, baba yake Barghash, mahali alipozaliwa mwaka 1844 binti yake Salme, ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete na kuandika kumbukumbu za maisha ya hapo. Kutoka Bububu, mwenye muda alipanda kilima kwenda Kidichi kuona mabafu yaliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, yenye nakshi za ndege na mimea zilizochorwa kwa chokaa. Wakati huohuo Dunga, makao ya Mwinyi Mkuu aliyekuwa mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, kabla ya Waarabu wa Oman na katika zama zao, hayakutembelewa na abiria wengi kwa sababu tu yako katikati ya kisiwa, mbali na reli. Mgeni aliondoka akidhani Unguja ilianza na Seyyid Said. Upungufu huo haukutoka kwa mwongozaji peke yake. Ulitoka kwenye chuma kilicholazwa chini.

Na mikarafuu? Hiyo ndiyo iliyosafirishwa na meli, kwa hiyo mgeni alitaka kuiona mtini. Mti huu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kupandwa kwanza Mtoni na Kizimbani, kisha Seyyid Said akawalazimisha wenye ardhi kuueneza. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi zaidi. Lakini Pemba haikuwa kituo cha meli za abiria, kwa hiyo sifa ya kisiwa cha karafuu iliendelea kukaa Unguja, ambako mgeni aliona mashamba yaliyopandwa upya na kunusa karafuu zilizoanikwa majamvini. Wapemba wameibeba sekta hiyo kwa karne moja na nusu bila kuonwa na abiria wengi kati ya waliobebwa na meli zilezile.

Si kila aliyeteremka alikuwa mtalii, na jambo hili husahauliwa kwa sababu vitabu vya safari viliandikwa na watu wa daraja la juu. Meli za kutoka Bombay zilijaa abiria wa sitaha waliolala juu ya majamvi yao na kujipikia. Kwao Unguja ilikuwa na mjomba, na deni la kulipwa, na jamatkhana au hekalu la jamii yao, na msikiti wa ijumaa. Walijua mtaa wa kwenda bila kuongozwa. Siku yao moja kisiwani ilijaa mambo kuliko ya mtu mwenye kamera, ingawa haikuacha kadi ya posta.

Serikali iliichukua reli mwaka 1911. Magari yalipoanza kuingia na barabara kutengenezwa, treni ilipoteza abiria, na huduma yake kwa wasafiri ilisimamishwa mwaka 1922. Mabehewa yalitumika miaka kadhaa zaidi kubeba mawe ya kujengea gati jipya la Malindi, lililofunguliwa mwaka 1929. Reli iliyowahi kuwahudumia abiria wa meli ilimaliza maisha yake kwa kuwajengea mahali pa kushukia. Gari la kukodi sasa lilimwezesha mgeni kufanya mzunguko: Maruhubi, Mtoni, Bububu, Kizimbani, kisha Dunga, na kurudi kwa njia ya Mnazi Mmoja. Hapo Mnazi Mmoja alilikuta Jumba la Amani, makumbusho yaliyosanifiwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925. Kisiwa cha Changuu nacho kiliingia katika orodha. Jengo lake lilijengwa katika miaka ya 1890 liwe gereza, likaishia kuwa karantini. Kobe wakubwa walioletwa huko kutoka Shelisheli mwaka 1919 ndio waliokifanya kivutio. Mwaka 1936, kwa jubilii ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub, sehemu ya mbele ya Ngome iliyokuwa ya forodha na reli ilifanywa bustani, ambayo watu wanaendelea kuiita Forodhani.

Vita viwili vya dunia vilikata mtiririko huu. Vya kwanza viliingia bandarini penyewe: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa hapo. Meli za Kijerumani zilizowahi kuleta wageni wengi zilitoweka kwa miaka kadhaa. Baada ya vita vya pili, miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa ya mwisho kwa meli za ratiba. Meli za British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952, na meli za Union-Castle zilizozunguka Afrika ziliendelea kuteremsha watu asubuhi na kuwachukua jioni, lakini ndege zilikuwa zimekwisha kuanza kuwachukua maofisa na walowezi waliokuwa msingi wa abiria wao. Safari za kuzunguka Afrika zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha kila kitu kuhusu mgeni wa kupita. Kwa miaka kadhaa Unguja haikutaka watalii. Waliporuhusiwa tena kidogo kidogo mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, waliongozwa na watumishi wa serikali, na mtu kuzurura vichochoroni peke yake na kamera kulitazamwa kwa wasiwasi. Nyumba ya Livingstone huko Malindi, iliyojengwa katika zama za Sayyid Majid, aliyemtangulia Barghash, ikawa baadaye makao ya Shirika la Utalii la Zanzibar. Kazi ya mwongozaji wa kujitegemea, iliyorithiwa tangu wakati wa mashua na rupia, ilikatika kwa muda wa karibu kizazi kizima.

Ilirudi katika miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa masharti. Aliyeirudisha si mwekezaji mkubwa. Walikuwa wenyeji waliokuwa na teksi au baiskeli na ujuzi wa miti. Ziara ya viungo ilibuniwa wakati huo: mgeni hupelekwa Kizimbani au Kidichi, huonyeshwa mdalasini, hiliki, pilipili manga, kungumanga na karafuu, huonjeshwa na kunusishwa, kisha hula chakula cha kijijini. Ilipangwa kwa nusu siku, ikafaa kabisa kwa mgeni wa meli. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na meli kubwa za kitalii zikaongezeka. Uharamia wa Somalia ulizifukuza tena. Baada ya meli MSC Melody kushambuliwa karibu na Shelisheli Aprili 2009, kampuni nyingi ziliiondoa pwani hii katika ratiba zao kwa miaka kadhaa, na waliokula kwa siku za meli wakakaa bila kazi.

Meli zilizorudi ni tofauti na za zamani katika jambo moja kubwa. Hazipakii karafuu. Saa zake za kukaa hupangwa na ofisi iliyo mbali, na kampuni huuza ziara zake zenyewe melini kabla ya kufika, kwa bei ambayo sehemu yake kubwa haishuki pwani. Hapo ndipo abiria anayetembea kwa hiari yake anapokuwa na uzito katika uchumi wa mji: anayekodi mashua ya Changuu ufukoni, anayepatana na dereva getini, anayekula urojo na mishikaki, analipa moja kwa moja mkononi mwa aliyemhudumia. Naye hukutana na mipaka ileile ya saa. Msitu wa Jozani wenye kima punju uko kilomita 35 hivi na unawezekana. Nungwi, ncha ya kaskazini, iko karibu kilomita 60, na anayekwenda huko huacha mji mzima nyuma yake na kurudi kwa wasiwasi. Ramadhani hubadilisha ratiba yote, kwa kuwa mikahawa mingi hufungwa mchana na mji huamka baada ya futari, wakati meli imekwisha kung'oa nanga.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati. Jumba lililokuwa la kwanza kuonekana na abiria wa kila meli tangu 1883 lilizungushiwa uzio, na waongozaji walilazimika kulisimulia kutoka upande wa pili wa barabara. Kwenye gati la Malindi, meli za watalii zinagombania nafasi na boti za Dar es Salaam na Pemba na meli za makontena. Serikali ya Zanzibar imepanga kuihamishia mizigo katika bandari mpya ya Mangapwani, kaskazini mwa Bububu. Mizigo ikiondoka, Malindi itabaki bandari ya watu, na kwa mara ya kwanza meli za abiria na meli za shehena zitatia nanga mahali mbalimbali.